Perege wa Ghala la Umeme: Hesabu za Mvuvi Mdogo wa Mtera

Abiria wengi wa barabara ya Iringa na Dodoma wanaifahamu Mtera kama mahali ambapo gari likipunguza mwendo, kinamama husogea madirishani na sinia za samaki wa kukaanga. Samaki hununuliwa, hufungwa kwenye gazeti, na safari huendelea. Mimi nimekulia Iringa na kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa abiria hao; sikuwahi kujiuliza yule perege alivuliwa na nani, aliuzwa kwa nani kabla ya kufika kwenye sinia, na kwa nini bei niliyolipa dirishani haifanani hata kidogo na vibanda vya nyasi na maturubai vinavyoonekana kambini, kando ya maji. Nilianza kuuliza baada ya baadhi ya jamaa zangu wa upande wa mama kuhamia Migoli, kando ya Bwawa la Mtera, na kuingia katika kazi ya mitumbwi. Tangu wakati huo nimekuwa nikiwatembelea na kusikiliza hesabu zao, na kwa sasa naamini kwamba umaskini wa mvuvi mdogo wa bwawa hauanzii kwenye uchache wa samaki, wala hauanzii kwenye nyavu haramu zinazotajwa katika kila mkutano. Unaanzia kwenye ukweli kwamba yeye ndiye anayebeba gharama za kupanda na kushuka kwa maji asiyoyamiliki. Kwa kuwa hana akiba ya kumvusha miezi mibaya, hukopa, na lile deni ndilo linalomchagulia mnunuzi, bei na hata ukubwa wa macho ya wavu wake.

Bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980 kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Iringa na Dodoma, halikujengwa kwa ajili ya samaki. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhifadhi maji ya msimu wa mvua ili yaachiwe taratibu wakati wa kiangazi na kwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, iliyoko chini zaidi katika mto huohuo. Mitambo ya Mtera yenyewe, yenye uwezo wa megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Bwawa likijaa, maji hufikia mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na kufunika eneo la zaidi ya kilometa za mraba 600. Kiwango cha chini kilichowekwa kwa ajili ya kuzalisha umeme ni mita 690. Tofauti ya mita nane na nusu si kubwa mtu akiitazama kwenye karatasi, lakini ardhi ya pale ni tambarare, kwa hiyo kila mita inayopungua huacha wazi eneo kubwa la tope na nyasi, na mahali ambapo mwezi wa tano mtu alifunga mtumbwi, kufikia mwezi wa kumi na moja panaweza kuwa malisho ya ng'ombe, umbali wa mwendo mrefu kutoka kwenye maji.

Mwendo huo wa maji ndio kalenda ya uchumi wa kambi. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka, Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo huleta maji yake, na bwawa huongezeka hadi mwisho wa masika. Maji yanapofunika nyasi na mavi ya mifugo yaliyoachwa wakati wa kiangazi, rutuba ile huingia majini, vijidudu na majani ya majini huongezeka, na samaki wadogo hupata chakula na maficho. Kambale hupanda kwenye nyasi zilizofurika na kutaga humo. Perege dume huchimba kiota chake kwenye kina kifupi chenye mchanga au tope, na jike huyabeba mayai mdomoni mpaka vifaranga waweze kujitegemea. Kwa maana hiyo, kupanda na kushuka kwa maji si adui wa samaki moja kwa moja. Bwawa lisilobadilika kabisa lingeweza kuwa maskini zaidi. Kinachodhuru ni kasi na wakati: maji yakivutwa haraka wakati viota viko kwenye kina cha magotini, viota hukauka, na hasara hiyo haiandikwi popote kwa sababu samaki ambaye hakuzaliwa hana anayemdai.

Kuna jambo hapa linalowapotosha watu wengi, wakiwamo maofisa. Maji yanaposhuka, samaki waliokuwa wametawanyika katika eneo kubwa hubanana katika eneo dogo, na wavu uleule hukamata zaidi kuliko ulivyokamata masika. Anayehesabu ndoo zinazofika mwaloni ataona msimu wa neema. Mvuvi mwenyewe huona fedha, japo bei hushuka kwa kuwa kila mtumbwi umeleta. Lakini kinachovuliwa wakati huo ni sehemu ya mtaji, maana wazazi wa mwaka ujao nao wamo katika dimbwi lilelile. Kwa hiyo takwimu za mapato ya samaki katika bwawa la umeme zinaweza kupanda huku samaki wenyewe wakipungua, na miezi michache baadaye, mvua zikichelewa, watu wakaanza kuulizana samaki wamekwenda wapi.

Tukio kubwa la aina hiyo liliwahi kuonekana kule Nyumba ya Mungu, bwawa la miaka ya 1960 kwenye mfumo wa Mto Pangani, kusini mwa Moshi. Ardhi iliyofurika kwa mara ya kwanza ilitoa rutuba nyingi, samaki wakawa wengi kupita kiasi, watu wakamiminika kutoka sehemu mbalimbali na vijiji vya wavuvi vikaota kuzunguka bwawa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 neema ile ilikuwa imeanza kuanguka, lakini watu walikuwa wamekwishahamia, wamekwishajenga na wamekwishanunua nyavu. Rutuba ya bwawa jipya ni ya mara moja. Watu walioletwa nayo hubaki. Mtera nayo ilipita katika ujana wake, na wavuvi wa leo wanagawana kilichobaki baada ya ujana huo.

Sasa niingie kwenye hesabu yenyewe, kwa sababu mazungumzo kuhusu uvuvi mdogo mara nyingi huishia kwenye huruma bila kugusa namba. Mpangilio nilioukuta kambini, ambao unafanana na ule wa maziwa makubwa, ni kwamba mtumbwi na nyavu ni vya mtu mmoja anayeitwa tajiri, hata kama utajiri wake ni mitumbwi michache tu, na wanaoingia majini ni vijana wasio na chombo. Mauzo ya usiku yakishajulikana, gharama za chakula na matengenezo hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa nusu kwa nusu kati ya tajiri na wavuvi. Ukiutazama harakaharaka, mgawo huu ni wa haki, kwa sababu chombo na nyavu ni mtaji unaochakaa kwa kasi ya kutisha. Mtera ina visiki vingi vya miti iliyozama bwawa lilipojazwa, na wavu mpya unaweza kuchanika usiku wa kwanza. Mamba na viboko nao wana sehemu yao katika hasara, na si hasara ya nyavu pekee.

Ugumu unaanzia pale tajiri anapokuwa pia mnunuzi. Tuchukue mfano wa kubuni, wenye namba nyepesi. Samaki wa usiku mmoja wangeweza kuuzwa kwa shilingi 80,000 kwa mnunuzi yeyote anayefika na fedha taslimu. Gharama ni shilingi 12,000, zinabaki 68,000, tajiri anachukua 34,000, na wavuvi wawili wanapata 17,000 kila mmoja. Lakini wavuvi hawa walimkopa tajiri unga na fedha za matibabu katika miezi ambayo maji yalikuwa mabaya, na masharti ya mkopo ule, ambayo hayakuandikwa popote, ni kwamba samaki wote watauzwa kwake, kwa bei yake. Yeye anawahesabu kwa 60,000. Gharama ni zilezile, zinabaki 48,000, nusu ni 24,000, na kila mvuvi anakwenda kulala na 12,000. Tajiri kama mwenye chombo amepoteza 10,000 katika mgawo, lakini kama mchuuzi amepata 20,000 anapouza samaki walewale barabarani kwa bei halisi. Faida yake ya ziada ni 10,000, yaani 5,000 alizokatwa kila kijana. Hakuna riba iliyotajwa, na deni la unga liko palepale.

Nimesikia watu wakiwaita matajiri hawa wanyonyaji, na kuna siku nimetamani kuungana nao. Lakini ukikaa kambini unagundua kwamba hakuna benki inayomkopesha kijana asiye na kiwanja wala anwani ya kudumu, ambaye kibanda chake huhama kila maji yanaporudi nyuma. Tajiri humkopesha usiku, bila fomu, mtoto akiwa na homa. Anabeba hatari ya kijana kuhamia kambi ya ng'ambo, ambako ni mkoa mwingine, akiacha deni nyuma. Sehemu ya zile 5,000 ni malipo ya hatari hiyo. Sehemu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni malipo ya kukosekana kwa mshindani. Pale ambapo wanunuzi wenye barafu hufika wengi, hasa tangu barabara ilipowekwa lami na Dodoma ilipoanza kujaa watumishi baada ya Serikali kuhamia huko, pengo la bei hupungua. Na bado tajiri huwaambia vijana wake wauze kwake, kwa sababu deni halijali idadi ya magari yaliyoegeshwa.

Kipimo nacho kina mchango wake. Kambini samaki huuzwa kwa ndoo au kwa fungu, mara chache kwa kilo. Ndoo ya mnunuzi hujazwa hadi ifanye kilima juu ya ukingo, na kilima hicho hakilipiwi. Mkulima wa vitunguu au viazi anaijua lumbesa, na serikali imeipiga vita kwa miaka mingi. Lumbesa ya ndoo ya samaki haina hata jina. Mzani mmoja unaosimamiwa na kikundi cha wavuvi wenyewe ungegharimu kidogo kuliko doria moja ya boti, na ungeongeza kipato cha watu wengi kuliko doria hiyo.

Kutoka hapo ndipo nyavu za macho madogo zinapoeleweka. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza kokoro, yaani wavu wa kukokotwa, na nyavu zenye macho madogo kuliko kiwango, na sababu za kibiolojia ni sahihi: perege aliyevuliwa kabla ya kuzaa hata mara moja ni hasara kwa kila mtu. Wavuvi wanalijua hilo kuliko mimi. Lakini mtu anayedaiwa anafanya hesabu nyingine. Samaki mdogo akiachwa leo atakuwa mkubwa baada ya miezi kadhaa, ndiyo, ila hatakuwa wake. Atakuwa wa yeyote atakayemkuta, huenda mgeni aliyefika wiki iliyopita kwa kusikia kwamba maji yamepanda. Wavu halali wa uzi imara una bei kubwa, na visiki vinaweza kuumaliza usiku mmoja, ilhali ule wa uzi mmoja wa plastiki, ambao wavuvi wengi wa maziwani huuita timba, ni rahisi, hukamata sana, na ukipotea hauumizi roho. Unapounganisha deni la kulipwa Jumamosi, visiki, na samaki asiye na mwenyewe, wavu haramu unakuwa uamuzi wenye akili kwa mtu mmoja na uharibifu kwa kambi nzima.

Ndiyo maana operesheni za kukamata na kuchoma nyavu, kama zile kubwa zilizofanyika Ziwa Victoria mwaka 2018, huniacha na mashaka. Moto ule humfikia tajiri kwa kiasi, kwa sababu nyavu ni zake, lakini naye hupandisha deni la vijana au hupunguza bei ya ndoo ili arudishe mtaji. Wavu unaonunuliwa kuziba pengo huwa ni wa bei ndogo kuliko ule uliochomwa, kwa kuwa fedha zimepungua. Sisemi sheria iachwe. Nasema moto peke yake hupandisha gharama ya kuvunja sheria bila kushusha gharama ya kuitii.

Kufunga bwawa au ziwa kwa msimu ni dawa nyingine inayopendwa, na ina mantiki nzuri zaidi. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapumzike. Kwa bwawa kama Mtera, lenye samaki wanaozaa kwenye kina kifupi, ningeunga mkono kufunga maeneo maalumu ya mazalia kuliko bwawa zima. Ukifunga bwawa zima, tajiri ana duka, ana ng'ombe, atasubiri. Kijana wa mtumbwi atasubiri kwa mkopo wa tajiri, na siku bwawa litakapofunguliwa atakuwa amekwishauza samaki wa miezi ijayo kabla hajawaona.

Nimezungumzia wanaume wa mtumbwi kwa sababu ndio wanaoonekana, lakini thamani kubwa ya samaki wa Mtera huongezwa nchi kavu, na wanaoiongeza ni wanawake kwa sehemu kubwa. Mwenye barafu huchagua perege wakubwa na kuwapeleka mjini wakiwa wabichi. Waliobaki, wadogo na waliolegea, hununuliwa na kinamama kwa bei ndogo, mara nyingi kwa mali kauli, kisha hukaangwa, hubanikwa kwenye chanja au hukaushwa juani. Bila wao, sehemu kubwa ya samaki wa msimu wa neema ingeoza ufukweni. Gharama zao ni mafuta ya kula, kuni zinazotafutwa mbali zaidi kila mwaka, na muda wa kusimama barabarani. Mafuta yakipanda bei, wao hawawezi kupandisha bei ya sinia kwa kiwango hichohicho, kwa kuwa abiria ana uwezo wa kufunga dirisha. Mama mmoja wa Migoli, ambaye ananiita mwanangu na ambaye sasa siwezi kupita bila kumpa shikamoo, aliwahi kunieleza kwamba katika wiki mbaya hukaanga ili asiwapoteze wateja na ili mvuvi anayemwamini asimhame, hata kama siku hiyo hapati faida. Nimekutana na wenye biashara kubwa wasiofikiri mbali kiasi hicho.

Lipo pia suala la watu kuishi kwa zaidi ya kazi moja, ambalo watunga mipango hulisahau wanapoandika neno "wavuvi" kana kwamba ni kabila. Maji yakirudi nyuma, tope linaloachwa wazi lina unyevu na rutuba, na watu wa vijiji vya kando hupanda mahindi, kunde na mboga humo. Wafugaji huingiza ng'ombe kwenye nyasi mpya. Kwa hiyo bwawa lilelile ni shamba, ni malisho na ni ziwa kwa zamu, na familia yenye mguu katika kazi zote tatu huvuka mwaka bila deni kubwa. Mgeni aliyekuja na wavu peke yake hana kiraka cha tope, na yeye ndiye anayevua kwa pupa zaidi. Ukitaka kujua nani atatumia timba, angalia nani hana shamba.

Tatizo ni kwamba anayeamua tope litaonekana lini si mtu wa kijijini. Miaka ya 1994 na 2006 nchi iliingia katika mgawo mkali wa umeme, na Mtera ikawa jina la kila taarifa ya habari. Lawama nyingi zilielekezwa sehemu ya juu ya mto, kwa wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu, ambako Ruaha Mkuu ulikuwa umeanza kukauka kila kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wafugaji wengi waliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, na ardhioevu ile ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008. Katika mjadala wote ule wa nani amekula maji, sikumbuki kusikia hata mara moja hesabu ya samaki. Megawati zilikuwa na wizara, shirika na waandishi wa habari. Perege walikuwa na ndoo.

Leo hali ya umeme imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo ya megawati 2,115, na uzalishaji wake ulianza mwaka 2024. Mtera na Kidatu kwa pamoja ni megawati 284. Zilipokuwa nguzo ya gridi, kumwambia mwendesha mitambo apunguze kasi ya kuvuta maji kwa ajili ya viota vya samaki kungechekesha. Sasa ombi hilo linaweza kuwekwa mezani na kupigiwa hesabu: ni kiasi gani cha umeme kingeahirishwa, si kupotezwa, endapo kasi ya kushusha maji ingepunguzwa kwa wiki chache baada ya bwawa kufikia kilele, na samaki kiasi gani wangepatikana kwa hilo. Maji yaliyobakizwa Mtera kwa wiki hizo bado yatapita Kidatu, na baadaye yataingia Rufiji na kupita kwenye mitambo ya Nyerere.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka bodi za mabonde, na Bonde la Rufiji lina ofisi yake palepale Iringa. Kwa mujibu wa sheria hiyo, anayechukua au kuhifadhi maji kwa kazi ya uzalishaji huomba kibali, na kibali huandikwa kwa kiasi cha maji. Mvuvi hachukui maji, kwa hiyo haombi kibali, na kwa kuwa hana kibali hahesabiwi kama mtumiaji wakati ratiba ya kushusha bwawa inapojadiliwa. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya vijiji vya Iringa na Dodoma, ambavyo kwa sasa kazi yake kubwa ni kuripoti nyavu haramu, vingeweza kuanza kwa kuandika urefu wa maji, idadi ya ndoo na bei ya ndoo kila wiki katika daftari moja linalolingana pande zote mbili za bwawa. Nimewaambia jamaa zangu wa Migoli hivyo. Wao wamenijibu kwamba daftari si tatizo, na wameniuliza ni nani katika ofisi ile ya bonde atakayelipokea.